Nikaomba Kahawia

Jina lilikuwa kwenye lebo, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
Nyemo Chilongani, miaka hamsini na nne, Mpunguzi.
Titi la kushoto.
Nilikuwa nimeshaandika namba ya sampuli
kabla mkono haujajua unamwandika nani.

Utaratibu wa maabara unasema mpe mwenzako.
Mwenzangu alikuwa Kondoa, msibani.
Basi nikaikata nyama ya shangazi yangu ndani ya nta,
nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nikaitandaza juu ya maji vuguvugu,
nikaiopoa kwa kioo.

Miezi minane aliuficha ule uvimbe chini ya kanga.
Zabibu hazimsubiri mtu, alisema,
akapogoa mistari kumi na minne
mkono mmoja ukimuuma.

Ndani ya kila seli kuna kiini,
na ndani ya kiini maandiko marefu,
yaleyale kwa titi, kwa ini, kwa ukucha.
Maandiko hayajisomi.
Zipo protini zinazoamua ukurasa upi ufunguliwe leo
na upi ukae kimya mpaka kaburini.
Moja huitwa kipokezi. Hukaa ikingoja homoni
kama kibarua anayengoja jina lake liitwe,
na ikiitwa hushika uzi wa vinasaba, huamuru: gawanyika.
Haina ubaya. Ndiyo iliyomkuza titi ujanani,
titi hilohilo nililonyonya nikiwa na wiki tatu,
mama yangu akiwa udongoni.
Ubaya ni kuamuru bila kunyamaza.
Na mlinzi yupo, protini nyingine, hana jina, ana namba tu;
kazi yake kuona kosa na kusema simama.
Katika uvimbe mwingi hukutwa kalemazwa,
lango wazi.

Nikadondosha kingamwili. Nikasubiri. Nikadondosha rangi.
Viini vikibaki buluu, kipokezi hakipo,
uvimbe huo unajiendesha wenyewe, hausikii mtu.
Vikigeuka kahawia, kipo:
adui ana sikio, na sikio huzibika.
Upepo wa Dodoma ulikuwa ukibamiza dirisha,
vumbi likipenya hata pale tulipoziba kwa gundi.
Nikaomba kahawia.
Nani huomba kitu kama hicho?

Ikatoka. Kiini baada ya kiini,
kama shamba lake mvua ya kwanza ikiligusa.
Lenzi ya hadubini ikafunga ukungu wa macho yangu.
Daktari akaja, akaifuta kwa kona ya koti,
akaandika tisini kwa mia, akaenda kunywa chai.

Titi limekatwa. Sasa ni kidonge,
kila usiku, miaka mitano.
"Kinaua nini?" aliniuliza.
Hakiui, shangazi. Kinakaa kwenye kiti.
Homoni ikija inakuta kiti kina mtu.
Akacheka mpaka akashika kovu:
"Kama Chidawali kwenye mkutano wa ushirika!
Alikalia kiti cha mwenyekiti tangu alfajiri,
mwenyekiti akahutubia dirishani,
hakuna aliyemsikia."

Lakini joto humwamsha usiku wa manane,
huitupa shuka, hukaa mlangoni akijipepea kwa sahani.
Juzi nilihesabu vidonge vyake. Vimezidi vinne.
Sikusema kitu.
"Siku nne," alisema bila kuniangalia,
"Chidawali alitoka kwenda kukojoa."
Safari hii hatukucheka.

Kopo la vidonge sasa liko mfuko mmoja na mkasi wa kupogolea.
Asubuhi nilimkuta shambani,
anapapasa tawi kwa kidole gumba, jicho kwa jicho.
Hili nitaliacha, alisema. Hili hapana.
Unajuaje, shangazi?
"Sijui," akasema,
na akakata.