Jino la Saba

Wameniletea gia kutoka Kibosho, imeng'oka meno matatu,
ya mashine ya kumenyea kahawa. Msimu umeanza
na mpya, wanasema, iko melini.
Iko melini tangu Pasaka.

Nikakata kipande chembamba kama ukucha,
nikakiwashia kiberiti.
Ndiyo shule niliyosoma mimi: pua.
Nailoni hunuka nywele zilizoungua saluni.
Ile ya vioo vya taa za magari hutoa masizi, haina la kuficha.
Na ile nyeupe, telezi kama sabuni,
asetali kwa jina la vitabuni,
huwaka mwali wa bluu usiouona mchana
na kunuka mochwari.

Hiyo siinusi mara mbili.
Siku ya kumtambua Baba waliniambia nizibe pua kwa leso.
Sikuziba. Nilitaka kuwa na hakika.

Hii ni nailoni. Afadhali.

Chini ya mashine ya kukerezea kuna magunia tisa ya maranda yake:
miaka ya Baba na yangu
imejikunja humo kama maganda ya chungwa.
Kawiche, jirani wa kuchomelea, huniuliza kila Jumamosi,
"Takataka hizi huzichomi tu?"
Takataka, namwambia, ni kitu usichokijua jina.

Lakini nailoni mlevi. Hunywa hewa.
Julai hii mlima haujaonekana wiki nzima,
ukungu umeingia hadi kwenye droo ya spana.
Ukiiyeyusha imelewa, inajaa mapovu,
gia inakuwa andazi.
Basi nailaza ndani ya oveni kuukuu,
Ndeanasia aliniachia alipochoka na mikate,
nyuzi themanini, usiku kucha,
nami nalala karibu, kwenye benchi, nisije nikaunguza karakana.

Tena si yote inayofaa. Iliyoyeyuka mara ya tatu huchoka mifupa.
Fungu moja la zamani, mawili mapya:
hesabu ya Baba, kwa penseli, ukutani.
Pale sipaki rangi.

Asubuhi nimefungua kalibu.
Meno ishirini na manne, nimeyahesabu kwa kidole.
Rangi si ya kujivunia, kijivu cha maji ya vyombo,
na doa la bluu kwenye jino la saba.
Bushi ya mwaka gani ile? Ya kiwanda gani,
kilichofungwa au kilichouzwa?

Mwenye mashine amelikwaruza kwa ufunguo wa pikipiki.
"Na hili?"
Hilo la Baba, nimesema.
Halafu nimemtoza bei kamili.