Kipande cha Khanga

Kabla ya jiwe la kwanza
nilifunga kipande cha khanga kwenye kigingi
pale Goba, kiwanjani, mteremko wa udongo mwekundu.
Fundi Ngwembe akauliza, "Mama, unatega ndege?"
Nikamwambia natega upepo.

Mwaka mzima, kila Jumamosi,
daftari la mahesabu ya duka likapata kazi ya pili:
asubuhi kimelala, mchana kinapepea kuelekea bondeni,
usiku (nilikwenda na tochi) kinahangaika
kama mtoto anayetaka kubebwa.

Basi tukaigeuza ramani.
Nyumba ikaipa barabara kisogo
na Lusajo akanuna wiki nzima:
"Watu watasema tumegombana nao."

Tofali hatukuchoma.
Udongo wa shimo la choo, saruji kidogo,
kiasi cha chumvi mchuzini,
ukashindiliwa kwa mashine ya mkono,
ukanyweshwa kivulini kama mche,
kisha tofali likaingia tofalini
kama meno ya zipu.

Mkorosho ulibaki. Chumba cha Atu kikajikunja kuupisha.
Mita moja na nusu ilipotea;
Ngwembe hajanisamehe.
Nao mkorosho hauna shukrani,
unajaza majani mfereji wa mvua
na tangi linanuka masika yote.

Jirani Kagaruki, mwenye viyoyozi vitano
vinavyotokwa jasho ukutani, alisimama getini:
"Shemeji, nyumba ya udongo, mjini hapa?"
"Kwani yako imeshuka mbinguni?
Hiyo nayo ni kilima cha Wazo, kimesagwa tu."

Februari umeme ukakatika, saa nne usiku,
joto likakaa kifuani kama mgeni asiyeaga.
Jenereta lake likakohoa, likakohoa, likanyamaza.
Tukasikia hodi.
Mto kwapani, mwanawe begani, macho chini.

Sikusema neno.
Nikatandika mkeka ukumbini,
kati ya dirisha na dirisha,
palepale kilipokuwa kigingi.
Upepo ukaja saa yake, kama ulivyoandikwa.
Mtoto akalala katikati ya lalamiko.

Gizani Kagaruki akakohoa kidogo.
"Shemeji… kile kipande cha khanga,
bado mnacho?"

Kilishakuwa dekio, nikamwambia.
Lakini daftari lipo.