Hesabu ya Mia Mbili

Nesi, umeniuliza nakunywa maji kiasi gani.
Nikasema "ya kutosha," nikatazama ukuta.
Sasa nimekaa benchini, cheti cha dawa mkononi,
acha nikujibu vizuri, ingawa hunisikii.

Mimi ni wa Kibirizi, wa vichanja vya dagaa.
Alfajiri mitumbwi inashusha,
tunapokea kwa beseni, tunatandaza, tunageuza,
tunafukuza kunguru mpaka jua lizame ng'ambo ya Kongo.
Ziwa liko pale, hatua thelathini,
nami midomo imenikauka makusudi.

Makusudi, nesi. Anayekunywa huenda,
na kwenda ni shilingi mia mbili.
Mlangoni kakaa Bigirimana na kopo la sarafu,
hana ubaya, naye kaajiriwa.
Mara tano kwa siku ni elfu moja.
Beseni nikiligeuza hadi likauke, nalipwa elfu moja na mia tano.
Piga hesabu, wewe uliyesoma.
Na mwenye mimba ya miezi sita, tano hazimtoshi.

Wanaume huenda nyuma ya mitumbwi,
wanayageukia maji, wanapiga mluzi.
Sisi tunabana.
Nimebana kwenye mizani, nimebana tajiri akihesabu noti,
nimebana hadi nikasahau kwamba nimebana,
mtoto akanikumbusha kwa kisigino.

Ilipoanza kuchoma nilinyamaza wiki mbili.
Mama mkwe akanusa nguo zangu kambani,
akauliza mwanawe kalala wapi,
au mimi nimelala wapi.
Neno hilo lilichoma kuliko mkojo.

Choo chenu ni bure.
Asubuhi niliingia, nikafunga komeo,
nikakaa kuliko inavyotakiwa.
Kikopo uliona mwenyewe: rangi ya chai iliyolala.
Mlikuwa na kiangazi kizima cha Kibirizi humo,
ukakishika kwa vidole viwili.

Ukasema: yutiai.
Ukasema si uzinzi, wala si laana ya mtu,
ukasema ikipanda kwenye figo
mtoto anaweza kuja kabla ya siku zake.
Ulisema yote hayo ukiandika, kalamu haikusimama.
Halafu: "Dawa hapa zimekwisha, kanunue duka la nje."

Elfu nne.

Elfu nne gawanya kwa mia mbili:
ishirini.
Mara ishirini nilizojinyima nikijiona mjanja,
kumbe zilitangulia zote kupanga foleni
dirishani pa duka la dawa.

Mwavita ameniazima elfu mbili. Nyingine sijui.
Yeye na Jenerosa wameahidi na kanga zao pia,
moja kulia, moja kushoto,
nyuma ya ule mtumbwi uliooza.
Kesho nitakunywa, nesi. Jagi zima,
nimesimama, mbele ya tajiri,
na dagaa wake wangoje.