A Imehama

Ngamiani mitaa huitwa kwa hesabu:
ya Kwanza, ya Pili, mpaka ya Ishirini na kitu.
Ukipotea, jumlisha. Ukizidisha, toa.
Steshenari yetu iko Barabara ya Kumi na Nne,
kati ya fundi viatu na muuza magodoro,
na kibodi yangu nayo ni Ngamiani ndogo:
safu, vichochoro, kila herufi na mlango wake.

Niliyoihamisha ni A.

Kidole changu cha mwisho, cha kushoto,
kilibaki Pongwe, kwenye mashine ya brashi ya mkonge.
Nilipewa bahasha na pole.
Walioipanga kibodi walikuwa na vidole kumi
na sidhani walikuwa na Kiswahili:
A wameisukumia pembeni, chini ya kidole nisicho nacho.
A, ambayo kwetu haikai chini,
baba, mama, maharage, mahakama, talaka.
Jaribu kuomba radhi bila A.

Miezi minane niliifuata kwa kidole cha pete
kama mtu anayeruka mtaro kila anapotoka kwake.
Mkono ukawaka moto mpaka kwapani.

Jumapili moja, duka limefungwa,
nikaingia kwenye mipangilio.
A nikaipeleka mkono wa kulia,
kwenye kitufe cha nukta-mkato,
alama ambayo tangu niajiriwe
hajatokea mteja wa kuiulizia bei.
Nukta-mkato nikaihamishia kwa A ya zamani,
chini ya kidole hewa,
ikale mshahara wa bure kama wafanyakazi wengine hewa.

Kisha nikawaamsha Q na X,
walinzi wa godauni tupu.
Q ukimgusa anaandika YAH: OMBI LA KAZI.
X anaandika Kwa heshima na taadhima, na koma yake.
Herufi tatu, mkp,
na mkataba wa kupanga chumba unamwagika wote
mpaka pale pa sahihi ya shahidi.
(Alikuja Bwana Qassim. Ikabidi Q apewe likizo ya nusu saa.)

Barua ya dakika kumi na moja sasa ni dakika nne.
Zile saba bosi anadhani ni zake.

Haikwenda sawa siku zote.
Mh nilitaka iwe Mheshimiwa, mrh iwe Marehemu,
na kati ya hao wawili ni kitufe kimoja tu.
Barua ya wakazi wa Mabokweni kuhusu bomba
ikaondoka na muhuri, kwa Marehemu Diwani.
Alikuja mwenyewe, mzima, anahema,
kaishika karatasi kwa ncha za vidole.
Akaisoma kwa sauti.
Foleni nzima ikaitikia: Innalillahi.

Nikaifuta mrh usiku ule ule.
Marehemu siku hizi namwandika herufi zote nane,
moja moja.
Hana haraka naye.

Mhina, wa kutoa kopi, akikalia kiti changu
anapata T;ng;, anapata b;b; y;ke Sh;b;ni,
halafu ananilaani kwa Kibondei.
Namwambia: nyumba yangu, funguo zangu.

Juzi nimekwenda mjini kusajili laini ya simu.
Kijana wa dirishani kachoka,
akanigeuzia kibodi: mama, andika jina mwenyewe.
Nikaandika bila kutazama, kwa kasi yangu,
kwa majivuno yangu.
Kwenye kioo:
Mw;t;tu.

"Mama, hizi alama za nini?"
Nikamwambia hapo pana mtu kahama.

Akacheka. Mimi nikafuta,
nikaurudisha mkono wa kushoto kwenye safu yake,
nianze upya, polepole, kwa mpango wa watu,
na kile kidole ambacho hakipo
kikawa cha kwanza kufika.