Kimo

Ukurasa wa tatu, jitu linaingia nyumba ya wageni:
linainama mlangoni. Kila jitu huinama mlangoni.
Mwandishi hathubutu kutaja futi;
nchi ile ina mazimwi na miezi miwili,
futi itakuwa ya mguu wa nani?

Basi hupima kwa kilichopo:
utosi unakwaruza boriti,
malkia anainua kidevu kumtazama,
na hapo nimeshajua kimo cha wote wawili,
na nani anamwogopa nani.

Mimi, nesi wa zamu ya usiku hapa Dundee,
fomu yangu inasema sentimita mia na arobaini na nane.
Haisemi kwamba ndani ya basi namba ishirini na mbili
naijua mikoba ya watu kuliko nyuso zao,
wala kwamba riwaya za mashujaa mbilikimo
maktaba imezipanga rafu ya juu kabisa.

"Nikushushie?" anauliza Ishbel, mkutubi,
na anakitwaa bila hata kuinua kisigino.

Andika hivyo, mwandishi.
Shibiri mbili za hewa
kati ya kidole changu na kitabu.