Upindo

Bafta ni punda wa Famau Lali, jike, rangi ya jivu.
Amebeba saruji ya nusu ya ghorofa za Langoni,
na jina lake ni la kitambaa, ndiyo maana nilimjali.
Mwezi wa Rajabu jicho lake la kushoto likaanza kulia peke yake.

Famau alisema: husuda. Akamfunga hirizi shingoni.
Nzi hawakuisoma.
Akamwosha kwa chai ya rangi iliyopoa, akampaka asali,
na Bafta akawa anatembea amejibana na ukuta,
akikwangua magunia kwenye kila pembe ya kichochoro,
saruji ikimwagika nyuma yake, mstari mrefu hadi Mkomani.

Hospitali ya punda, msaidizi alikuwa na homa.
Daktari Mbodze akanitazama vidole, si uso.
"Wewe ndiye fundi wa kofia? Njoo unishikie."

Sindano ya kulevya. Kichwa cha Bafta kikashuka, kizito,
nikakipakata.
Daktari akaubinua ukope kwa kidole gumba
akanisomea, tabaka kwa tabaka, kama bei za dukani:
nje ngozi na manyoya yake;
katikati msuli wa mviringo, ule wa kufumba,
unaokaza kama utepe wa suruali;
ndani utando laini, wenye maji;
na ukingoni vitobo, vitobo, vitobo,
tezi za mafuta, zisiache chozi limwagike ovyo.
Nilivihesabu bila kutaka.
Maisha yangu yote ni vitobo kwenye bafta.

"Na hapa," akasema, akabonyeza jicho kidogo,
na kutoka pembe ya pua ukateleza ukope wa tatu,
mweupe, kimya,
mtu aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote.
Punda anao. Paka anao, mbuzi, kuku.
Sisi tumebakiziwa kinyama chekundu pembeni,
uzi uliosahauliwa kwenye nguo iliyokwisha kushonwa.

Kisha akanionyesha kosa.
Ukingo wa chini ulikuwa umejikunja kwa ndani.
Upindo, nikasema. Upindo uliopindwa vibaya.
Manyoya yaliyopaswa kukaa nje yalikuwa yanalima kioo cha jicho:
kufumba, mfereji; kufumbua, mfereji.

Hapo mkono wangu ukatetemeka, na si kawaida yake.

Mama alikuwa na vikope.
Kila Ijumaa, akishaoga, alilaza kichwa mapajani mwangu
nami nikamng'oa kope moja moja kwa kibanio cha shaba,
mtoto wa miaka tisa, ndiye mwenye macho makali nyumbani.
Zikarudi. Kila wiki fupi zaidi, ngumu zaidi,
mpaka akawa anauliza kama taa imewashwa.
Lugha yetu inaiita ngozi kope, na nywele kope,
nasi tukazilaumu nywele.
Hakuna aliyetuambia kosa liko kwenye kitambaa.

"Shosi, tochi."
Nikainyoosha.

Akakata kipande cha mwezi mwandamo chini ya jicho,
upana wa ganda la kitunguu.
"Kata pungufu," akasema, "ukizidisha hautafumba tena."
Hilo halihitaji udaktari. Pungufu hurudiwa;
kilichozidi hakirudi mkasini.
Mishono saba. Wa nne ulikaa mbali na mwenzake, nikakohoa.
Akaufumua, akaurudia. Hakuniangalia.
Kile kipande alikiweka kwenye sahani ya bati
na paka wa hospitali akaondoka nacho.

Siku ya kumi na nne tulitoa nyuzi.
Bafta akapepesa. Akangoja, kama asiyeamini, akapepesa tena.
Doa jeupe limebaki kwenye kioo, dogo, punje ya mtama,
na daktari anasema hilo atakufa nalo.
Famau akauliza ni lini ataweza kubeba mchanga.
Bafta akanikanyaga mguu wa kulia, akasimama papo hapo.
Sikumsukuma.
Nilikuwa natazama anavyofumba.