Kituo Kimoja Kabla ya Mji

Kazi yangu ni kusoma mita za maji.
Nashuka vyumba vya chini vya majengo ya Ruse,
tochi mdomoni, daftari kwapani,
naandika tarakimu ambazo hazijawahi kurudi nyuma.
Maji yaliyopita yamepita.

Sasa nina mita yangu mwenyewe, ndani ya damu,
nami naambiwa nisubiri ishuke.

Daktari Ganchovski alichora nyuma ya bahasha:
huu mji wa mimba, hii mirija,
na hapa (kalamu ikasimama)
hapa ndipo ilipotunga.
Nikamwona abiria mdogo
aliyeshuka kituo kimoja kabla ya mji,
usiku, mzigo hana,
akadhani amefika.

Sindano ilikuwa ya manjano,
fupi kuliko kufunga kamba za viatu.
Kisha karatasi ya masharti:
vile vidonge vya foliki acha leo hii,
mchicha acha, jua likwepe, usinyanyue kizito,
na ukisikia maumivu begani
njoo, usingoje kupambazuke.

Begani!
Bega hili limebeba mkoba wa kazi miaka kumi na mmoja.
Likiuma sasa nakaa kwenye ngazi gizani
nauliza: ni mkanda, au ni damu?
Nikauhamishia mkoba bega la pili.
Sasa yanauma yote mawili.

Siku ya nne nambari ilipanda.
Kutoka 1,612 hadi 1,940.
Nesi Veneta akasema siku ya nne hupanda kwa wengi,
tunaitazamia, usitetereke.
Nikatetereka hadi nyumbani.

Plamen analala na funguo za gari mfukoni mwa pajama.
Gari ameliegesha likitazama njia ya hospitali.
Kila saa: "Unaumwa?"
Kila saa: "Lala."
Akigeuka, funguo zinalia,
nami naamka kuhakikisha kwamba sijafa.

Niliwaza kumfukuza huyu hofu. Hafukuziki.
Basi nimempangia zamu:
saa tatu usiku hadi saa tatu na nusu,
jikoni, mbele ya chai inayopoa.
Aseme yote. Mrija ukipasuka.
Sindano ikishindwa. Na ule mwingine uliobaki, je?
Namwandikia kwa penseli, mstari kwa mstari,
saa tatu na nusu nafunga daftari.
Kuna usiku anatii.
Kuna usiku ananifuata hadi chooni
kukagua karatasi kama ina damu.

Jambo moja sikumwandikia hata yeye:
kwamba naomba nambari ishuke,
na najua inaposhuka kuna kinachozimika,
na mwenye kuomba ni mimi
niliyekwisha kumchagulia rangi ya blanketi.

Machi imeingia. Bibi Tsonka wa ghorofa ya kwanza
amenifunga uzi mwekundu na mweupe mkononi,
juu kidogo ya plasta ya maabara.
"Usiuvue," akasema, "mpaka umwone korongo."
Akanikonyeza. Hakujua.
Nilicheka kwa meno ya mbele tu,
nikaomba anionyeshe mita.

Siku ya saba nilikaa kwenye benchi la maabara
nikihesabu vigae vya sakafu; nilipofika mia mbili na sita
Veneta akatoka, karatasi ameigeuza mbele
nisome mwenyewe kabla hajafungua kinywa.
1,498.
"Wiki ijayo tena," akasema, "na ile nyingine,
mpaka isionekane kabisa."
Sikulia. Nilimwomba kalamu,
nikaiandika kiganjani kama naandika mita ya mtu.

Leo nimerudi kazini, nusu siku.
Chumba cha chini, harufu ya unyevu na viazi.
Kigurudumu chekundu kimetulia,
kisha huko juu mtu akafungua bomba, kikazunguka.
Bega likachoma.
Nikasimama. Nikavuta pumzi, nikaihesabu ikitoka.
Nikapitisha kidole chini ya mkanda, nikaulegeza.

"Ni mkanda," nikasema kwa sauti,
humo ndani, peke yangu.
"Ni mkanda."